Wingi Wenye Utaratibu: Vikundi vya Wakulima Wadogo na Safari ya Kulifikia Soko

(Mhadhara uliotolewa Moshi mbele ya viongozi wa vyama vya msingi, maofisa ugani, maofisa ushirika, wanafunzi na wakulima. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.)

   

 Kuzungumzia ushirika wa wakulima hapa Moshi kunahitaji adabu. Mji huu una Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kikiwa chuo cha kufundisha watendaji wa vyama. Una mnada wa kahawa. Una wazee ambao baba zao walikuwa wanachama wa ushirika kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kwa hiyo nitakayoyasema myapime kwa yale mnayoyajua, na mwishoni mnisahihishe bila kunionea haya.

Kusudi la mhadhara huu ni moja. Kwa miaka mingi tumewaambia wakulima wadogo wajiunge. Tumewahimiza kwenye mikutano, redioni na kwenye maonesho ya Nanenane. Tulichowaeleza mara chache ni kazi gani inapaswa kufanyika baada ya kujiunga, ili yule mnunuzi aliyezoea kupanga bei alazimike kuizungumza bei hiyo na mwenye mazao. Ninaloamini ni hili: wingi wa watu peke yake haupandishi bei. Kinachopandisha bei ni wingi wenye utaratibu, yaani mazao yaliyopimwa kwa mizani ya haki, yaliyopangwa kwa madaraja, yaliyokusanywa mahali pamoja kwa siku inayojulikana, na yenye hesabu ambazo kila mwanachama anaweza kuzisoma. Nitalieleza hilo kwa hoja sita.

Hoja ya kwanza: Bei hupotea kabla mazao hayajafika sokoni

Tuanzie shambani. Chukueni mkulima wa mahindi wa Kongwa au Kiteto mwenye ekari chache. Siku ya kuuza, mambo matatu yanamkuta kwa pamoja.

La kwanza ni kipimo. Sheria yetu ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa mnaijua wote. Gunia linajazwa, linaongezwa kichwa juu, linashonewa wavu, na bado linaitwa gunia moja. Tupige hesabu pamoja. Gunia la lumbesa likibeba kilo 120, mkulima anayeuza magunia matano ametoa kilo 100 za ziada. Ametoa gunia zima bure. Kwenye korosho huko Mtwara na Lindi kuna kangomba, ambako mtu ananunua kwa bakuli badala ya mizani. Kwenye nyanya za Ilula kuna tenga, na tenga halina ukubwa mmoja. Huongezeka kimo kadiri soko linavyolegea. Mkulima hapa anabishana juu ya shilingi, na huku kilo zinaondoka.

La pili ni muda. Mwezi wa mavuno ndio mwezi ambao kila mtu ana mahindi, na ndio huohuo deni la pembejeo linadaiwa, ada inasubiriwa na mgonjwa yupo nyumbani. Mlanguzi anazijua shida hizo kuliko sisi watafiti. Anafika na fedha taslimu siku ambayo mwenye mazao hana nafasi ya kusema hapana. Miezi sita baadaye familia ileile inanunua unga dukani kwa bei ya mtu mwingine.

La tatu ni gharama ya kumfikia mkulima. Mnunuzi mkubwa anayetaka kujaza lori la tani 30 anahitaji magunia 300. Ikiwa kila mkulima ana magunia matano ya kuuza, inabidi azungukie kaya 60, apime mara 60, alipe mara 60, na abishane mara 60. Hatafanya hivyo. Atamtumia dalali wa kijijini, na ujira wa dalali utatoka kwenye bei ya mkulima.

Hapa naomba nieleweke vizuri, maana ni mahali ambapo mazungumzo yetu huharibika. Tumezoea kumtukana dalali. Lakini dalali anafanya kazi ya kweli: anakusanya, anapima, anahifadhi, anatafuta gari, anabeba hatari ya bei kushuka, na analipa papo hapo. Kikundi kinachotaka fungu la dalali lazima kifanye kazi ya dalali, tena kwa uaminifu kuliko yeye. Kikundi kisichofanya kazi hizo kinaongeza tu mdomo mwingine wa kula kwenye kilo ya mkulima.

Hoja ya pili: Historia yetu imeshatufundisha chama kinazaliwaje na kinakufaje

Ushirika wa wakulima wadogo nchini haukuanza kwa amri wala kwa msaada wa mradi. Ulianza kwa kero.

Hapa Kilimanjaro kero ilikuwa haki ya kulima kahawa. Walowezi hawakupenda kumwona Mchaga akilima zao lilelile wanalolima wao. Mwaka 1925 wakulima wakaunda Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake wa mwanzo, ili kuilinda haki hiyo, kupata dawa ya mibuni na kuuza pamoja. Serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, chama hicho kikarithiwa mwaka 1933 na KNCU, ambayo ilikuwa muungano wa vyama vya msingi.

Kanda ya Ziwa kero ilikuwa mizani. Wakulima wa pamba wa Usukuma walijua wanapunjwa kwenye vituo vya kununulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani na wenzake wakiwa mstari wa mbele, wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe, ili mtu ajue uzito wa pamba yake kabla hajafika mbele ya mfanyabiashara. Angalieni walipoanzia. Hawakuanza na jengo, wala gari, wala katiba ndefu. Walianza na mizani. Kutoka hapo vikasambaa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kufikia uhuru lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika, likiwa na viwanda vyake vya kuchambua pamba.

Kisha tukaupoteza uzi. Vyama vikuu, yaani miungano ya vyama vya msingi, vilikuwa na kasoro, na malalamiko ya wizi na upendeleo yalikuwa ya kweli. Lakini mwaka 1976 vilivunjwa vyote, na kazi zake zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Mkulima akabaki na mnunuzi mmoja ambaye hakumchagua na hawezi kumwondoa. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua mlango wa kuvirudisha, na Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikiri kwamba kuvivunja vyama lilikuwa kosa. Vilirudi vikiwa dhaifu. Miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia na fedha mkononi, vyama vingi havikuwa na mtaji wa kushindana nao. Na katika miaka ya 2000, hapa hapa Kilimanjaro, baadhi ya vyama vya msingi viliamua kupeleka kahawa yao mnadani vyenyewe bila kupitia chama kikuu, kwa kuwa havikuona tena huduma inayolingana na makato.

Wazee wa Rombo na Marangu naona mnatikisa vichwa. Mambo haya mmeyaishi. Funzo lake ni kwamba chama hudumu pale wanachama wanapoijua kero wanayoitatua na kumjua mtu wa kumuuliza. Chama kilichoundwa ili kupokea trekta au ruzuku huishi kwa muda wa ruzuku hiyo. Tumeviona vikundi vya namna hiyo. Vina muhuri, vina mwenyekiti, vina akaunti yenye salio la kufungulia tu, na havijawahi kuuza hata gunia moja kwa pamoja.

Hoja ya tatu: Zao ndilo linaloamua sura ya kikundi

Kosa moja kubwa la sisi wataalamu ni kubeba mfano wa chama kimoja na kuupeleka kila kijiji. Kila zao lina tabia yake, na tabia hiyo huamua kikundi kiwe cha namna gani.

Tazameni chai ya wakulima wadogo wa Kenya. Jani la chai likichumwa lazima lifike kiwandani ndani ya saa chache, la sivyo linaharibika. Mkulima hawezi kuliweka chumbani akisubiri bei. Ndiyo maana vituo vya kukusanyia majani viko karibu na mashamba, na wakulima wenyewe ndio wenye hisa katika kampuni za viwanda. KTDA, wakala wa chai ya wakulima hao, iliyoanza mwaka 1964 ikiwa mamlaka ya serikali na kubinafsishwa mwaka 2000, inahudumia zaidi ya wakulima 600,000. Mkulima anapata malipo ya kila mwezi kwa kilo, kisha bonasi mwisho wa mwaka kutokana na mauzo. Migogoro ipo, na bonasi ikishuka kelele husikika hadi bungeni. Lakini mkulima hana sababu kubwa ya kupeleka majani pembeni, kwa kuwa zao lenyewe linamfunga kwenye kiwanda chake.

Maziwa nayo yana tabia hiyo. Yanatoka kila siku na yanachacha kila siku. Ushirika wa wafugaji wa Githunguri, pale Kiambu, ulianzishwa mwaka 1961, ukajenga kiwanda chake mwaka 2004, na leo maziwa ya wanachama wake yanauzwa madukani kwa jina lao wenyewe. Kwa bidhaa ya kila siku kikundi hukutana kila siku, na uaminifu hujengeka kwa kupimana kila asubuhi.

Mahindi, maharage na mpunga ni habari nyingine. Hukaa. Huuzwa popote, kwa mtu yeyote, saa yoyote. Mwanachama aliyeahidi magunia kumi anaweza kuuza manane usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, na hakuna atakayejua. Kikundi cha nafaka kwa hiyo hakiwezi kutegemea ahadi. Kinahitaji ghala, na kinahitaji kumpa mwanachama jambo ambalo mlanguzi hawezi kumpa.

Mboga na matunda yanataka soko lenyewe liwe karibu. Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, MVIWATA, ulioanzishwa Morogoro mwaka 1993, ulilielewa hili mapema. Pale Nyandira, kwenye milima ya Uluguru, wakulima wa mboga walipata soko lao huku juu, ili mnunuzi apande mlimani na akutane na wauzaji wengi mahali pamoja, badala ya kila mkulima kushuka na furushi lake na kulala mjini akingoja huruma. Kibaigwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma, soko la nafaka limejengwa kwa fikra hiyohiyo: bei zionekane, mizani iwepo, na ushindani wa wanunuzi ufanyike mbele ya macho ya muuzaji. Kaulimbiu ya mtandao huo inasema kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe, na masoko hayo ni ushahidi kwamba utetezi unaweza kuwa na paa, mizani na daftari la bei.

Wanafunzi, nawaomba muandike hili: kabla hamjauliza kikundi kina wanachama wangapi, ulizeni zao lao linakaa siku ngapi.

Hoja ya nne: Ubora ni kazi ya wote

Mnunuzi hanunui mahindi ya mtu mmoja, ananunua shehena. Shehena yenye magunia 290 makavu na kumi yenye unyevu atainunua kwa bei ya yale kumi, au ataikataa. Ndiyo maana ubora, ambao tumezoea kuuona kama sifa ya mkulima mmoja hodari, katika soko kubwa ni nidhamu ya kundi zima.

Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa na kuhifadhiwa vizuri. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Katazo liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu kumi kwa bilioni. Sasa nawauliza, mkulima mwenye magunia matano atapata wapi cheti hicho? Gharama ya kipimo kimoja cha maabara inaweza kumeza faida yake yote. Lakini kikundi chenye tani 30 kinaweza kulipia kipimo hicho na kikaugawa mzigo wake kwa kila gunia, usisikike.

Cheti, hata hivyo, ndicho cha mwisho. Cha kwanza ni turubai la kuanikia, badala ya udongo mtupu. Ni kipima unyevu, kwa sababu kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na jino la mtu, hata liwe na uzoefu wa miaka mingi, haliwezi kutofautisha 13 na 15. Ni mifuko ya kuhifadhi isiyopitisha hewa, ambayo humaliza dumuzi bila dawa. Na ni karani mwenye ujasiri wa kumwambia mjomba wake kwamba mahindi haya hayapokelewi leo, yarudishwe yakaanikwe.

Ninyi wa kahawa mna ushahidi wenu. Kila kaya ikimenya na kuchachusha kahawa nyumbani kwa namna yake, mnunuzi anapata ladha ishirini ndani ya gunia moja. Vikundi vya Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi vilivyoweka mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa mbivu siku ileile inapochumwa vilipata kahawa ya aina moja, na kahawa ya aina moja ndiyo inayoweza kuombewa bei. Hapo kikundi kimeongeza thamani kwa mikono yake, na hakidai bei nzuri kwa huruma.

Hoja ya tano: Kikundi kisichoweza kulipa siku ya mavuno hakitapata mazao

Mkono mtupu haulambwi. Hapa ndipo vyama vingi vimeangukia, na nitakaa kidogo.

Tumeona kwamba mkulima anauza mapema kwa sababu ana shida leo. Chama kinapomwambia alete mazao, asubiri miezi mitatu, kisha atalipwa vizuri, kinamwomba mtu maskini amkopeshe mtu mwenye ofisi. Mlanguzi anatoa kidogo, lakini anatoa sasa. Mkulima anayempa mlanguzi magunia mawili ya ada si msaliti wa ushirika. Ni mzazi.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikusudiwa kulitatua jambo hili. Sheria yake ilitungwa mwaka 2005, na msimu wa 2007/2008 ukaanza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara. Wazo lake ni zuri. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama cha msingi, inapimwa, inapangwa daraja, inaingia ghala lenye leseni, na hati ya ghala inakuwa mali inayoweza kuaminiwa na benki hadi mnada ufike. Ushindani wa wanunuzi ukawa wa wazi kuliko wa kangomba.

Lakini mfumo mzuri unaweza kuumizwa na malipo. Miaka ya mwanzo mkulima alilipwa kwa awamu: malipo ya kwanza, ya pili, kisha majaliwa kama yapo. Aprili 2013 malipo ya pili yaliposhuka chini ya yale yaliyotarajiwa, hasira ililipuka Liwale na nyumba zikachomwa moto. Walioumia walikuwa ndugu na majirani. Ndugu zangu, hakuna mkutano wa elimu ya ushirika unaoweza kurudisha imani iliyochomwa namna ile. Kinachoirudisha ni malipo yanayofika kwa tarehe iliyotajwa na kwa kiasi kilichotajwa, msimu baada ya msimu. Utaratibu wa kumlipa mkulima mara moja, kupitia akaunti yake, ni hatua ya maana kuliko hotuba zetu zote.

Mwaka 2018 ulitufundisha upande mwingine. Wakulima wa korosho wa kusini walizikataa bei za mnada. Kukataa kule kulikuwa nguvu ambayo mkulima mmoja hana, na mwezi Novemba serikali iliingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kusomba korosho. Wengi wakasubiri malipo yao kwa muda mrefu. Tulichojifunza ni kwamba haki ya kukataa bei ina gharama. Anayekataa lazima awe na ghala la kuweka, fedha ya kumvusha mwanachama, na mnunuzi wa pili. Na maadamu sehemu kubwa ya korosho yetu inaondoka ikiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, wanunuzi wa pili watabaki wachache.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuuza pamoja kianze kuweka akiba pamoja. Vikoba na Saccos, yaani vikundi na vyama vya akiba na mikopo, vimewafundisha wanawake wa nchi hii hesabu ambayo vyama vingi vya mazao bado havijaijua: akiba ndogo ya kila wiki inaweza kumlipia mwanachama ada ya mtoto na kumwezesha kuacha mahindi yake ghalani hadi Januari. Aprili 2025 ilizinduliwa Benki ya Ushirika Tanzania, ikijengwa juu ya benki ya ushirika iliyoanzia hapa Kilimanjaro. Ni matumaini makubwa. Itatimiza kazi yake ikiwa mkopo wake utafika kijijini kabla ya mlanguzi.

Hoja ya sita: Mali bila daftari hupotea bila habari

Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na vyama vyetu vimethibitisha. Nikiulizwa kikundi kipi kitadumu, sitauliza kiongozi wake anaongea vizuri kiasi gani. Nitaomba daftari.

Kila mwanachama aondoke kituoni na karatasi inayoonyesha kilo zake, daraja, tarehe na jina la aliyepima. Kila kato litajwe kwa jina na kiasi kabla ya msimu kuanza: ushuru wa halmashauri, usafiri, mfuko wa pembejeo, gharama za chama. Mkulima hakasiriki kwa kukatwa. Hukasirika kwa kukatwa asichokijua. Akaunti iwe na watia saini zaidi ya mmoja. Mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, na stika yake ionekane. Hesabu zikaguliwe, iwe na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au mkaguzi mwingine anayetambulika, na ripoti isomwe kwa Kiswahili chepesi mbele ya mkutano mkuu, si kufungiwa kabatini. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2013, iliyoanzisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika, imeweka msingi wa usimamizi huo. Lakini mkaguzi wa kwanza wa chama ni mwanachama anayejua kilo zake.

Na mwanachama ni nani? Katika mazao mengi ya biashara uanachama umefungwa kwenye umiliki wa shamba au miti. Mama anapalilia, anaokota, anaanika, anabeba. Jina kwenye daftari ni la baba, na malipo yanaingia kwenye simu ya baba. Chama kinachofanya hivyo kinamwita kwenye mkutano mtu mmoja na kumwacha nyumbani yule anayejua ukungu ulianzia gunia gani. Ruhusuni uanachama wa mume na mke, na wa kijana aliyekodi shamba. Mtaona mahudhurio yakipanda na ubora ukipanda nayo.

Jambo la mwisho katika hoja hii ni ukubwa. Anzeni na kundi ambalo watu wake wanafahamiana kwa nyumba zao. Uzeni shehena moja pamoja, mlipane, msome hesabu. Msimu unaofuata unganeni na kikundi cha kijiji jirani. Chama kikuu kijengwe na vyama vya msingi vilivyokwisha kuuza kitu. Kinapojengwa kwanza kutoka juu, kinatafuta wanachama kama ofisi inavyotafuta kazi.

Tunakokwenda

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa kutazama mbele.

Soko la kesho litataka habari zaidi, si chache. Minada ya korosho sasa inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Umoja wa Ulaya umetunga sheria itakayowataka wanaouza kahawa na kakao huko kuonyesha zilikolimwa, ili kuthibitisha kwamba msitu haukukatwa kwa ajili yake. Mkulima mmoja wa Tarime au Kyela hataweza kuthibitisha hilo peke yake. Kikundi chenye orodha ya wanachama, ramani ya mashamba na daftari la kilo kitaweza. Utaratibu ambao jana ulikuwa njia ya kupata bei nzuri zaidi, kesho utakuwa sharti la kuruhusiwa kuuza.

Kwa hiyo nina maombi manne. Maofisa ugani, pimeni kazi yenu kwa shehena zilizouzwa pamoja na kulipwa, si kwa idadi ya vikundi vilivyosajiliwa. Ninyi mnaosimamia ushirika wilayani, fikeni kwenye mkutano mkuu wa chama kabla ya mgogoro, msingoje polisi wafike kwanza. Wanafunzi, nendeni mkawe makarani na mameneja wa vyama vijijini. Huko ndiko elimu yenu inakohitajika, na chama kidogo chenye hesabu safi ni shule kubwa kuliko ofisi nyingi za mjini.

Na ninyi wakulima, wenye mhadhara huu. Msingoje mradi. Msimu huu, watu 20 au 30 mnaoaminiana, nunueni mizani moja iliyohakikiwa, chagueni karani mmoja anayejua kuandika na asiyeogopa jamaa zake, mkubaliane kiwango cha ukavu na siku ya kukusanya, na uzeni shehena moja kwa pamoja. Mkishalipwa, someni hesabu hadharani, kilo kwa kilo, shilingi kwa shilingi. Kisha ndipo mwite jirani zenu wajiunge.

 Sasa nipo tayari kusahihishwa.